Sitauza Mbuzi kwa Bei ya Hofu

Gatete, Rumonge

Kwa Baba yangu Zakaria,

Jambo Baba, na jambo kwa Mama ambaye najua ameketi karibu nawe wakati unasomewa karatasi hii. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho niliambiwa unakwenda kanisani kwa fimbo na kurudi, na unakataa kushikwa mkono na mtu. Na kifua cha Mama, kimepoa tangu mvua zipungue? Sisi huku tuko wazima. Neema amerefuka hadi amenifikia begani, na mdogo wake Eliya sasa ana meno yote ya mbele. Mungu anatulinda, nasi tunajilinda pale tunapoweza.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, anayevuka ziwa kutoka Baraka huko kwenu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Umesema, kwa mkono wa mdogo wangu Yona, kwamba mwanamke mjane hafugi mbuzi wakati wa vita. Umesema niuze wote, nichukue watoto, nipande mtumbwi nirudi kwenu, kwa sababu mbuzi wa wakati wa vita ni chakula cha watu wengine. Baba, nimekuheshimu tangu nijue kusema, na nitaendelea. Lakini jibu langu ni hapana, na nimeliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini. Sasa nivumilie nikueleze.

Mume wangu Desire alipofariki kwa malaria aliniachia nyumba hii, michikichi michache nyuma yake, na mbuzi wawili, jike na beberu. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni gharama ya kuwafikisha wale wawili kuwa kumi na mmoja. Zamani mbuzi walikuwa wanajilisha wenyewe. Ulikuwa unawapeleka juu mlimani asubuhi, jioni wanarudi wameshiba, na hujatoa hata faranga moja. Sasa mlimani wamo waasi, hakuendeki. Tumebaki na ukanda huu mwembamba kati ya barabara na ziwa, watu wote na wanyama wao wote, na majani yamekwisha hata kwenye kingo za mashamba. Kwa hiyo nakata majani kule kwenye maji, nikisimama hadi magotini, na yasipotosha nanunua mashudu ya mawese kwenye kinu. Mashudu yalikuwa takataka, Baba. Walikuwa wanayachoma. Siku hizi yanapimwa kwa kopo, na ukichelewa unakuta yamekwisha.

Chumvi nayo imepanda tangu mipaka ifungwe. Veterineri wetu, yule daktari wa mifugo, alikimbilia Bujumbura na hajarudi, na dawa ya minyoo tunainunua sokoni kwa mtu anayeuza pia cheni za baiskeli. Nilinunua chupa kwake kabla ya masika. Nilipoitikisa haikutoa povu, lakini nikajiambia labda ndivyo ilivyo. Ilikuwa maji yaliyotiwa rangi. Wana-mbuzi wangu wawili walivimba matumbo na kufa wiki moja, na mama yao alizunguka uani siku tatu akiwaita. Nilimpelekea yule mtu chupa yake mbele ya wateja. Hela hakunirudishia. Lakini siku ile hakuuza chupa nyingine, kwa sababu nilikaa pale kwenye meza yake hadi soko likafungwa, na kila aliyeuliza dawa nilimwonyesha ile chupa.

Na hawalali nje. Nimewapa chumba chetu, sisi watatu tunalala sebuleni. Najua Mama anacheka hapo alipo. Amwulize Neema atakapokuja kumtembelea, atamwambia jinsi beberu anavyokoroma.

Basi, kuna mtu huku anaitwa Gaspard. Ni mchuuzi wa mifugo, ana baiskeli nzuri, sauti ya upole, na anajua majina ya watoto wa kila nyumba. Alianza kunitembelea tangu msimu wa mvua uliopita, wakati watu wa milimani waliposhuka kweli. Siku zile tulilala kwenye mchanga wa ziwa, na tuliporudi mazizi mengi yalikuwa matupu. Mimi niliwakuta wangu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na labda walikuwa na haraka. Baada ya pale kila mtu akawa anasikiliza upepo. Mlango ukigongwa kwa jirani, wewe unafunga mzigo.

Gaspard aliliona hilo. Siku moja kabla ya soko alifika uani, akaegemeza baiskeli, akaninong'oneza.

"Mama Neema, miye nakuonea huruma. Alhamisi wale watu iko wanashuka. Uza leo. Ikifika Ijumaa mbuzi hana bei."

Akanitajia bei yake. Haikufika hata theluthi ya ile ya soko. Nikamwambia nitafikiri. Jirani yangu Suavis, mjane kama mimi, yeye hakufikiri. Alikuwa na watano, akauza wanne, akabaki na jike moja kwa sababu lilikuwa na mimba na Gaspard alilidharau kwa wembamba wake. Nyumba nyingine sita au saba kwenye mtaa wetu nazo ziliuza. Alhamisi ilifika, tukaenda kulala parokiani. Ijumaa tukarudi. Hakuna aliyekuwa ameshuka. Watu wakasema, Mungu ametuepusha, na hakuna aliyekuwa na hasira na Gaspard, kwa sababu nani anaweza kumkasirikia mtu aliyekuonya?

Suavis alinunua unga na mafuta kwa zile hela, akalipa minerval, yaani ada ya shule, ya mtoto wake mmoja, zikaisha. Nilimwona anapita uani kwangu akiangalia mbuzi wangu na kunisalimia tu amahoro, na mimi nikaona haya, kama mtu aliyeiba.

Mwezi uliofuata Gaspard alirudi na maneno yaleyale, siku tofauti tu. Baba, nakwambia kweli, safari hii nilikuwa tayari kuuza. Nilikuwa nimeshahesabu wa kuanza nao. Asubuhi ile nilikwenda kukata majani mbali kuliko kawaida, karibu na kinu cha zamani cha mawese ambacho hakifanyi kazi tena. Nikasikia mbuzi wengi wanalia. Nikazunguka nyuma ya kinu. Palikuwa na ua mpya wa mianzi, umefungwa vizuri kwa kamba, na ndani yake mbuzi zaidi ya thelathini. Nikamtambua wa Suavis mwenye sikio lililochanika. Walikuwa wananawiri. Mbele yao palikuwa na mashudu ya kumwaga.

Nilisimama pale na fungu langu la majani kichwani. Nilijiuliza swali moja tu. Mtu anayejua kwamba vita inakuja Alhamisi, anajengaje ua mpya hapahapa vita inapokuja, na kuujaza mbuzi?

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zaituni. Huyo ni mama wa Kiislamu anayeuza vitenge pale njia panda. Babu yake alikuja kutoka Ujiji zamani za Wajerumani, na yeye anasema amezaliwa hapa, atazikwa hapa. Nilimweleza. Alinisikiliza huku akikunja kitenge, akakimaliza, akakiweka juu ya vingine, ndipo akasema, "Usiuze. Na leo usinyamaze."

Gaspard alipokuja jioni alikuta wanawake kama tisa uani kwangu, tumekaa tunachambua mchele. Alisalimia kila mmoja kwa jina. Akaanza huruma yake. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza.

"Gaspard, kama Alhamisi watu wanashuka, wale mbuzi wako wa nyuma ya kinu watakimbilia wapi?"

Suavis aliacha ungo wake chini akasimama, akamwuliza kama yule mwenye sikio lililochanika bado anaogopa mvua. Gaspard akachukua baiskeli yake, akaondoka bila kupanda, akiisukuma. Hakuna aliyemtukana.

Ungefikiri yameishia hapo. Baada ya siku chache nikasikia kwamba yule Mkongomani wa Gatete, yaani mimi, anakata majani mbali ili apeleke chakula kwa watu wa milimani. Baba, neno kama hilo huku linaua. Watu waliacha kunisalimia njiani, wengine si kwa ubaya, kwa woga tu. Askari wawili walikuja asubuhi moja. Niliogopa, sitakuficha. Mmoja aliniuliza majani yanakwenda wapi. Nikamwambia anifuate. Nikafungua chumba changu cha kulala, na beberu akatoka akamkumba miguuni. Yule askari alipiga chafya mara nne mfululizo. Mwenzake alicheka hadi akaegemea ukuta. Waliandika jina langu kwenye daftari, wakanywa maji, wakaenda. Hawajarudi. Lakini wiki nzima kila mbwa akibweka nilikuwa nawashika watoto mikono.

Wakati ule ndipo barua yako iliponikuta. Kama ungefika siku ile wewe mwenyewe, pengine ningekubali.

Kilichonibakisha ni kazi. Bi Zaituni alituambia kwamba Idi kubwa inakaribia, na kule Buyenzi mjini Bujumbura Waislamu wanatafuta mbuzi wa kuchinja na hawawapati, kwa sababu barabara imefungwa. Magari yanakwenda kwa konvoi na askari, siku wanazotaka wao, na bado yanapigwa njiani. Hakuna dereva anayekubali mbuzi. Akasema ana mpwa wake Buyenzi atakayetupokea. Tulikubaliana wanawake saba, kila mmoja atoe wa kuuza na abakize wa mbegu. Mimi nilitoa watano. Suavis hakuwa na wa kutoa, akasema atakuja kuwashika wa wenzake kwa ujira. Tukapata boti inayopeleka mawese mjini. Mwenye boti alitaka nauli ya mbuzi mmoja kwa safari nzima, na mbuzi huyo alimchagua yeye mwenyewe.

Tuliondoka Rumonge kukipambazuka, mbuzi ishirini na wawili wamefungwa miguu na kulazwa kati ya mapipa. Maji yalikuwa kama sahani. Neema na Eliya niliwaacha kwa Bi Zaituni. Tulipita vijiji nilivyozoea kuviona kwa barabara, nikaona jinsi paa nyingi zilivyokosekana. Kabla ya kufika Muhuta, katikati ya safari, upepo ukageuka ukavuma kutoka magharibi, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na mapipa mawili yakakata kamba yakawa yanaviringika. Mojawapo lilimbana beberu wangu mkubwa kwenye ubao. Nilisikia mbavu zikivunjika.

Mwenye boti akapiga kelele kwamba tutupe mbuzi watano, boti iwe nyepesi. Mmoja wa vijana wake akamshika mbuzi wa kwanza. Nikamshika yule mbuzi upande wa pili.

"Ukianza kutupa, anza na mapipa," nikamwambia. "Mbuzi anashikika. Pipa halishikiki."

Akaniambia mawese yana mwenyewe. Nikamwambia na mbuzi wana wenyewe, na wenyewe ndio hawa wamo ndani. Tukaangaliana, maji yanatupiga usoni. Suavis ndiye aliyetuokoa. Alishuka chini kabisa ya boti, akakaa ndani ya maji machafu, akawakumbatia mbuzi watatu kwa mikono na miguu, akatuita tufanye vile. Tukashuka wote. Uzito ukakaa chini, vijana wakapata nafasi ya kuyafunga mapipa, na boti ikaacha kulala upande. Tuliingia Muhuta tumekaa hivyo, tukangoja pale hadi upepo ukatulia, midomo imepauka, kila mtu ananuka mbuzi na mawese.

Beberu wangu alikufa pale ufukoni. Ndiye aliyekuwa wa kuleta hela nyingi kuliko wote, na ndiye aliyebaki katika wale wawili wa Desire. Aliyekufa hivyo Mwislamu hanunui wala hali. Niliwaachia vijana wa boti, wakamchoma. Waliniletea paja, nikashindwa kula. Nilimpa Suavis. Alikula akilia, kwa sababu alikuwa na njaa na alijua ni wa nani.

Baba, Buyenzi tuliuza wote kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Mpwa wa Bi Zaituni alitupanga chini ya ukuta wa nyumba yake, wanunuzi wakaja wenyewe. Walibishana sana, ndiyo desturi yao, lakini hawakutaja vita hata mara moja. Walishika migongo, wakatazama meno, wakataja bei ya mbuzi. Nilikuwa nimesahau kwamba mbuzi ana bei yake mwenyewe, isiyotokana na woga wa mwenye mbuzi. Nilipata kwa wale wanne waliobaki zaidi ya ambavyo Gaspard angenipa kwa wote kumi na mmoja, hata baada ya ushuru wa soko na sehemu yangu ya nauli.

Sikurudi na hela nyingi mkononi. Nilitafuta duka la dawa za mifugo, nikanunua dawa ya minyoo yenye kifuniko kilichozibwa, nikaifungua mbele ya muuzaji na kuinusa hadi akachoka nami. Nilinunua chumvi ya kulamba. Nililipa minerval ya Neema ya mwaka wote. Na nikanunua beberu mdogo mwenye miguu mirefu, wa damu nyingine, kwa sababu wangu walishaanza kuzaana wenyewe kwa wenyewe na wana-mbuzi wanatoka wadogo. Tuliobaki na chochote tulichanga, tukamnunulia Suavis jike moja. Alitaka kupiga magoti, mama mmoja kati yetu akamshika kwapani akamwambia asichafue kitenge.

Tangu turudi tunauza pamoja. Jumatatu, mlangoni kwa Bi Zaituni, anayetaka mbuzi aje pale atutazame wote usoni. Hakuna anayeuza uani kwake peke yake. Juzi Gaspard mwenyewe alikuja. Alitaka watatu. Alisimama kwenye jua kama wengine, akataja bei, tukakataa, akapandisha, tukakataa, akalipa tulichosema. Alipokuwa anawafunga aliniambia kwa sauti ndogo kwamba mimi iko mwanamke mugumu. Nikamwambia murakoze, asante.

Sasa nikuambie neno la mwisho, Baba, na unisamehe kama litauma, kwa sababu sikulipanga limuumize mtu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ulikuwa na ng'ombe wanne. Alikuja mtu nyumbani, sikumbuki uso wake, nakumbuka viatu vyake tu, akakuambia waasi wako mto wa pili, uuze upesi. Uliuza wote mchana uleule. Waasi hawakufika mwaka ule. Zile hela zilikwisha kabla mahindi hayajakomaa, na sijakuona tena ukishika kamba ya ng'ombe. Hukuwahi kulalamika. Lakini jioni ulikuwa unatoka na kusimama kwenye zizi tupu, na mimi nilikuwa nakuja kusimama nawe, nikidhani tunangoja kitu. Sijawahi kukulaumu. Ulikuwa na watoto sita wa kuwaokoa na neno la mtu mmoja la kuamini. Mimi nina watoto wawili, na nimekwisha kujifunza kumwuliza mwenye neno anaweka wapi mbuzi wake.

Kwa hiyo sirudi sasa. Mimi si kichaa. Siku watu watakaposhuka kweli nitachukua watoto, nitaacha mlango wazi ili mbuzi wajitafutie, na nitakimbia kwa miguu yangu yote miwili. Na kama mtumbwi utakuwepo, utaniona huko kwenu, ingawa na huko, usinifiche, milio ya bunduki tunaisikia hadi huku upepo ukivuma. Lakini sitakimbia kwa maneno ya mnunuzi, wala sitauza kwa bei ya hofu. Wakitaka mbuzi wangu bure, waje na bunduki wawachukue, wajulikane ni wezi. Mimi mwenyewe sitawasaidia kuwabebea.

Msalimie Mama, umwambie nimeacha kukata nywele kama alivyotaka. Msalimie Yona, mdogo wangu na mwandishi wako, umwambie mwandiko wake ni mzuri lakini asiongeze ukali ambao hukuutamka. Wasalimie shangazi yangu wa Fizi ukimwona, na baba mdogo anayetengeneza nyavu, na wakwe zako wote wanaoniulizia. Toa salamu pia kwa mchungaji aliyenibatiza.

Mama wa ndagala anangoja hapa mlangoni, anasema ziwa leo limetulia. Nimempa chumvi kidogo kwa ajili yenu, na kamba. Ni kamba ya mkonge, mpya, niliinunua Buyenzi. Nina jike moja changa ambalo litazaa kabla ya kiangazi. Huyo wa kwanza atakayezaliwa si wangu. Akishaachishwa kunyonya nitampakia mtumbwini. Baba, andaa zizi.

Binti yako mkaidi, anayekupenda,

Mapendo, mama wa Neema na Eliya